Msimtilie Mgonjwa Dawa Kwenye Chai

Tangu nikiwa mtoto nilisikia kwamba geti la hospitali ya wagonjwa wa akili hufunguka kwa kuingia tu. Anayepelekwa hunyolewa, hufungwa mnyororo, na jamaa zake huambiwa wazoee kuishi bila yeye. Maneno hayo yalinikaa kichwani kama ukoko kwenye sufuria. Na hayakuwa ya kutunga. Dada yake bibi alichukuliwa na askari, enzi ambazo mgonjwa wa akili na mwizi walipakiwa gari moja, na hakuna aliyemwona tena. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kusema majirani wanatia sumu kwenye maji, ukoo mzima ulinipa ushauri mmoja: mfiche.

Sikumficha. Nilimpeleka, nimemshika mkono njia nzima.

Geti tulilikuta wazi. Muuguzi mmoja wa makamo akatutazama. "Mama, mbona umemkamata mwenzio kama kakuibia kuku? Mwachie mkono aingie mwenyewe."

"Naogopa minyororo," nikasema.

"Hata mimi niliikuta nilipoanza kazi. Nikaiona ikitolewa. Ingieni."

Tulirudi nyumbani siku ileile, na vidonge mkononi.

Binti yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Alimeza dawa vizuri, zile habari za sumu zikapungua, kisha ghafla akagoma. Ukimuuliza unameza au humezi, jibu ni "basi tu, sitaki." Mdogo wangu, ambaye alikuja kunisaidia, ana huruma nyingi na subira kiduchu. Akaanza kusaga vidonge na kuvitia kwenye chai ya binti bila kuniambia.

Asubuhi moja binti akaweka kikombe mezani. "Mama, chai hii ina chaki."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anakagua mabati utadhani ndiye aliyeyapigilia. "Labda majani yameharibika," akasema.

"Mama mdogo, majani gani yanaacha unga mweupe chini?"

Mdogo wangu akanivuta jikoni. "Dada, mwambie ni maziwa yamekatika. Ukisema kweli hatakula tena humu ndani."

"Na nikimdanganya, atakuwa na haki ya kunishuku."

Nikarudi mezani. "Imetiwa dawa. Mimi sikujua, lakini imetiwa."

Binti akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe siyo majirani. Ni nyie."

Toka hapo akawa anakula vyenye ganda tu: ndizi, na mayai aliyochemsha mwenyewe. Alikonda mpaka nguo zake zikawa kama za kuazima. Mimi nilijua hesabu ilivyokaa. Bila dawa ugonjwa ungemchukua mzimamzima, na bila kutuamini asingemeza kitu. Nikawa nakaa karibu yake namenya yai langu, namenya ndizi yangu, simsemeshi.

"Nyumba imegeuka banda la kuku," mdogo wangu akanung'unika. Binti akakaribia kucheka. Kwangu ilitosha kumwambia, "Twende ukamwambie muuguzi mwenyewe chai ilivyokuwa." Akakubali.

Kufika tu, nikaanza kumwaga maelezo kama kawaida yangu. Muuguzi akainua kiganja. "Mama, wewe huumwi. Tumsikie mwenyewe." Akamgeukia. "Kwa nini uliacha vidonge?"

Binti akanyoosha mikono yake. Vidole vilikuwa vinatetemeka, siyo sana, lakini vinatetemeka. "Tangu nianze vidonge siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Mteja amesimama ananitazama, mimi natoboa hewa."

Katika ukoo mzima uliojaa washauri, hakuna aliyekuwa amemuuliza sababu.

Daktari akaitwa, akambadilishia dawa. Muuguzi akamkabidhi binti pakiti mkononi mwake. "Utazitunza wewe. Zikikusumbua, hugomi, unakuja kutuambia. Mama yako ruhusa yake ni kukuuliza tu."

Nyumbani binti akaweka kidonge kwenye kiganja, akamsogezea mama yake mdogo. "Kitazame vizuri. Leo hakiko kwenye chai." Akakimeza. Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono, akaomba msamaha. Jioni binti akapakua wali kutoka sufuria moja na sisi. Sasa yuko kwenye cherehani yake, na wateja wanalalamikia kuchelewa kama wanavyomlalamikia fundi yeyote.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kumtilia mgonjwa dawa kwenye chai, uji au mchuzi bila yeye kujua.

Kumdanganya akigundua.

Kumjibia kwa daktari wakati mdomo anao.

Kumfungia chumbani na kuwaambia watu amesafiri.

Kumwachisha au kumpunguzia dawa kwa ushauri wa majirani. Rudini hospitali.

Kumlazimisha ameze kabla hamjamuuliza kwa nini hataki.

Kungoja azidiwe ndipo mumpeleke.