Kofia ya Nywele za Maktol

Maktol alikuwa amekaa uani kwake katika kijiji cha Solgol, akigundisha ukingo wa kofia nyeusi ya Mzee Yun iliyokaliwa na mgeni mlevi, pale Inbo, mjukuu wa mzee, alipoingia juu ya punda. Maktol aliweka brashi chini akasimama.

"Shikamoo, bwana Inbo."

"Marahaba. We Maktol, kofia ya babu bado tu? Unaichezea?"

Inbo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alioa majira ya kuchipua, akavikwa kofia ya manjano ya maharusi wadogo. Maktol alikuwa na arobaini na tisa. Marehemu baba yake aliacha nyumba inayovuja, na hakuna aliyekubali kutoa binti aje kunyeshewa. Bila mke hufungi nywele utosini, bila fundo la utosini huvai kofia, na bila kofia wewe ni mtoto. Mvi zilikuwa zimejaa kwenye msuko wake mgongoni, na bado walimtuma maji.

Mama yake, kipofu, alikuwa amemtunzia jina la utu uzima lililochaguliwa na baba: Jahyon.

"Nikusikie tu mara moja ukiitwa hivyo na mtu mwenye kofia," alimwambia, "halafu wanizike."

Mwezi wa nne, asubuhi moja, Maktol aliamka akakuta nywele zake zimejisuka kofia nzima, yenye ukingo mpana na kilele kirefu. Aliikagua kama fundi, hakuona kasoro. Mama aliipapasa akacheka.

"Haya, nenda kisimani wakuone."

Walimwona. "Kofia safi hiyo, we Maktol," walisema. "Ya nani?"

Jioni wazee walimwita.

"Kazi ni nzuri, hilo hatukatai," alisema Mzee Yun. "Mke yuko wapi?"

"Sina, bwana mkubwa."

"Basi hizo ni nywele tu. Nywele za mtoto husukwa."

Waliikata kwa mkasi wa kitambaa. Wakaona ni hasara kuitupa, wakampa Inbo, maana ile ya manjano ilishaanza kumbana. Maktol ilimuuma, ilimuuma sana, naye akashukuru kama ilivyopasa.

Tangu hapo Inbo akitembea kwenye mvua, Maktol hulowa kichwa akiwa ndani. Mama alimwekea kitambaa karibu na gundi.

Mwezi wa sita mama alizidiwa. Inbo alikuja kumjulia hali, kama adabu inavyotaka, na Maktol akabaki mlangoni ameshika punda. Mama alisikia hatua, akanyoosha mkono, akagusa ukingo, akapanda taratibu hadi kileleni. Pale mlangoni Maktol alivisikia vidole vyake kwenye ngozi ya kichwa.

"Nywele hizi nimezichana mwenyewe miaka yote," alisema mama. "Kumbe wamekubali! Na wala hukuniambia, mjanja wewe. Basi leo hata mimi nakuamkia. Shikamoo, bwana Jahyon."

Maktol alifungua mdomo. Lakini mwenye kofia alikuwa ameamkiwa na hajajibu, na mtoto haingilii hapo. Akaufunga.

Inbo alilelewa vizuri. Alikohoa.

"Marahaba, mama."

Mama alitabasamu, akafa hivyo hivyo, mkono wake umeshika ukingo. Inbo hakutaka kofia ipasuke, kwa hiyo alivibandua vidole polepole, kimoja kimoja. Maktol alivihesabu vyote vitano vikitoka kichwani mwake.

Kisha Inbo aliinama mlangoni, akatoka uani.

"Poleni," alisema. "We Maktol, lete punda."

Maktol akamletea.