Arusi ya Bi Mwanasaumu

Bi Mwanasaumu alipotangaza kuwa anaolewa, mtaa mzima wa Bofu, Likoni, ulipigwa na butwaa. Mjane wa miaka sitini na miwili, mwalimu mstaafu aliyewachapa watoto na kabla yao akawachapa wazazi wao, leo anataka mume! Walimcheka waziwazi, naye akawaacha wacheke. Cheko lao lilimfaa.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Vijana wa mapanga walikuwa wameivuruga Likoni, shule ikafungwa, walimu wa bara wakarudi kwao, na mtihani wa Gredi ya Sita ulikuwa umebakiza wiki tatu. Naibu wa chifu, Bwana Nguma, alipiga marufuku mikusanyiko yote ila matanga na arusi. Bi Mwanasaumu hakuwa na maiti. Basi akapaka hina, akajifungia ndani, akawaambia kina mama wamletee watoto waje kumwimbia biarusi.

Wakaja ishirini na watatu. Wavulana walivishwa mabuibui ya mama zao wapite kama wasichana, wakawa wanakanyaga pindo na kuanguka mlangoni. Nyuma ya pazia, biarusi alisimama na chaki, mlango wa kabati ndio ubao. Aliyemtia uchungu zaidi ni Dama, binti wa muuza mihogo. Akili anazo, lakini tangu aone jirani yao akikatwa panga, hakuwa ametamka neno. Bi Mwanasaumu akampa kigoma. Mwenzake akijibu sawa, Dama anapiga; akikosea, kigoma kinyamaze. Siku zote hizo Dama hakukosea hata mara moja.

Watu waliopita njiani walisikia saba mara nane ikiimbwa kwa mahadhi ya arusi, na vigelegele juu yake. Nguma alipouliza, mama mmoja alimjibu kwa uso mkavu kuwa wanahesabu sahani za pilau.

Wiki ya tatu, Nguma alichoka. Alikwenda moja kwa moja hadi barazani pa Maalim Taufiq, mgane wa nyumba ya pili, ambaye dirisha la Bi Mwanasaumu lilimwelekea. Akamuuliza: yeye Nguma ni mtu wa Kaloleni, mambo ya Waswahili hayajui vizuri, je, ni desturi yao mjane kufungiwa ndani wiki tatu?

Ndani, chaki ilimkatikia Bi Mwanasaumu mkononi. Maalim alijua fika kuwa anayefungiwa ni mwanamwali, tena siku saba tu. Na Maalim hasemi uongo, wallahi, hata wa kumfurahisha mgonjwa. Akitamka ukweli, watoto watatawanywa na mtihani wameukosa.

Maalim alikohoa. Akasema mwanamwali hufungiwa siku saba, na mjane akijifungia wiki tatu, basi ametaka mwenyewe.

"Na mume ni nani?" akauliza Nguma. "Nimezunguka mtaa mzima, hakuna amjuaye."

Maalim alifunga msahafu wake taratibu.

"Ni mimi, inshallah."

Nguma alicheka, akampa mkono wa heri, akaomba asisahauliwe pilau, akaenda zake. Watoto walimkodolea macho mwalimu wao. Maalim akasogea dirishani.

"Bi Mwanasaumu, mimi sijapata kusema uongo tangu utotoni. Usinianzishe leo. Wanitaka, hunitaki?"

Bi Mwanasaumu aliinama kuokota kipande cha chaki kilichokatika. Mara kigoma kikalia, tena kwa nguvu.

"Jibu la Maalim ni sawa, mwalimu," akasema Dama.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Bi Mwanasaumu aligeuka ukutani apanguse macho kwa ncha ya leso. Kisha akamwambia Maalim kwa ukali kuwa mtihani ni Jumatatu, angoje uishe, asimharibie kipindi.

Akarudi ubaoni, akaandika saba mara nane ni hamsini na nne. Kigoma kikanyamaza.