Maswali ya Celina

Kila mwaka idara yetu ya sayansi ya siasa hutengeneza upya ukurasa wake wa mtandaoni, na kila mwaka mimi, karani wa idara, ndiye ninayewakimbiza walimu. Nataka vitu vitatu tu: picha, shahada, na mambo wanayoyatafiti. Watu wanaoweza kuzungumza saa mbili juu ya dola na raia hushindwa kuandika mistari mitatu. Mmoja aliniletea picha aliyopigwa harusini, ua bado limechomekwa kwenye koti.

Mwaka huu walijaza wote isipokuwa Daktari Bundi. Mkuu wa idara, Daktari Kajuju, ambaye bado ni kijana na hana subira, alisimama mlangoni pangu Jumatano.

"Mama Njagi, mwisho ni Friday. Asiyejaza simweki kwa page, na kama hayuko kwa page hapati wanafunzi wa masters. Sasa hiyo contract yake nitaitetea aje?"

Alisema kweli. Bundi alikwisha kupita umri wa kustaafu, alifundisha kwa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha Desemba. Mtu aliyezika mke mwezi wa tatu, ukimnyang'anya na kazi mwezi wa kumi na mbili, unambakishia nini? Swali hilo lilininyima usingizi.

Mkewe, Celina, alikuwa Mmbeere wa Kiambere kama mimi. Bundi ni mtu wa Githongo, kule Meru kwenye kahawa na baridi. Kimeru chake na Kimbeere chetu ni ndugu, lakini nyanya zetu wakishika kasi, yeye hupata neno moja katika manne. Kwa miaka kumi na mmoja alitafiti jinsi wanawake wa Mbeere wanavyomaliza ugomvi wa mashamba, naye Celina akawa mkalimani wake. Bundi aliuliza kwa Kiswahili, Celina akahamishia Kimbeere, nyanya akajibu, simu ikarekodi yote. Kisha sauti zikaja kwangu nizipige chapa: swali la Daktari kama alivyolisema, na jibu la nyanya kwa tafsiri yangu. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Mkalimani usimwandike, anarudia tu nilichosema mimi." Nikatii.

Alhamisi nilimfuata ofisini kwake. Fomu ilikuwa mezani. Mahali pa utafiti ameandika, kwa mwandiko wake ule mzuri, neno moja: Hakuna.

"Daktari, hii ni nini sasa?"

"Ni ukweli, Mama Njagi. Nilienda Kiambere mwezi wa nane na mkalimani mwingine, msichana mzuri, amesoma. Siku tano! Unajua waliniambia nini? 'Tunaenda kwa chifu.' Wote. Nyanya wale wale walionipa mambo mazito wakati ule." Alikuwa akizipanga na kuzipangua kalamu zake. "Nimezeeka. Siku hizi sijui kuuliza. Mwambie Kajuju atoe jina."

Nilipandwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kwa sababu nilijua. Miaka yote hiyo nilijua nikanyamaza, kwanza kwa utiifu, halafu kwa sababu Celina mwenyewe, nilipomgusia, alicheka akasema, "Wachana na mzee wangu, ako na raha zake." Sasa Celina hayupo, na ukimya wangu ulikuwa unamwua mtu taratibu.

"Njoo ofisini kwangu," nikamwambia. "Njoo usikie kitu."

Nilifungua rekodi moja ya zamani. Sauti yake ikatoka, kavu, ya darasani: "Je, ni nani mwenye mamlaka ya kutatua migogoro ya mipaka katika jamii hii?" Kisha Celina, kwa Kimbeere, maneno mengi na kicheko ndani yake. Nikasimamisha.

"Hapo unajua amesema nini? Amesema, 'Mama, mwaka ule shemeji yako aling'oa mkonge wa mpaka, ulimlilia nani kabla hujakubali kumpikia tena?'"

Bundi akanitazama. Nikafungua nyingine. Yeye anauliza nafasi ya wanawake katika taasisi za jadi. Celina anauliza: siku ile wanaume walipokaa kujadili shamba la mjane, ni nani aliyekataa kuwapelekea uji mpaka waamue vizuri?

Ya tatu hakuniacha niimalize. "Zote ziko hivyo?"

"Zote, Daktari."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nisamehe."

Aliweka mikono juu ya magoti. "Kwa hivyo mimi sikuuliza hata swali moja," akasema. "Yale makala yote. Wanafunzi niliowafundisha mbinu za kuhoji watu. Ilikuwa kazi ya Celina, mimi nilibeba begi tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuja kumwokoa mzee wa watu, nikamkata miguu. Kwa kuchanganyikiwa nilisahau kuizima ile rekodi, ikaendelea. Nyanya alikuwa amemaliza kujibu, akamsemesha Celina kando, na Celina akamjibu polepole.

"Hapo je?" akauliza Bundi. "Hapo sikuwa nimeuliza kitu."

Ni kweli, na ndiyo maana sehemu hiyo sikuwahi kuipiga chapa. Haikuwa swali wala jibu. Nikairudisha nyuma, nikatafsiri sentensi baada ya sentensi.

"Nyanya anasema, 'Huyu bwana yako anauliza kama karani wa korti. Unamleta wa nini?' Celina anasema..." Nikaongeza sauti ya rekodi, nikaanza tena. "Anasema, 'Kuuliza hajui, mama. Lakini sijaona mwanamume mwingine anayesikiliza kama huyu. Mwambie kila kitu. Ataandika mpaka kikohozi chako, na neno lako moja likimpotea, hatalala.'"

Bundi alilia bila kujificha, nami nikalia naye, mlango wazi, wanafunzi wakipita.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena."

Ijumaa asubuhi fomu ilifika. Neno lile alikuwa amelikata kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika utafiti wake kama zamani, na majina mawili ya watafiti, la kwanza la Celina. Daktari Kajuju alisoma, akafuta miwani, akampa wanafunzi wawili hapo hapo.

Nilidhani yameishia hapo. Saa nne Bundi akaja na daftari na kiti chake mwenyewe, akakaa karibu na meza yangu.

"Mama Njagi, wewe ni wa Kiambere," akasema. "Nyumbani kwenu..." Akakwama. Swali lilimshinda kabisa. Akabaki ananitazama, kalamu mkononi, anangoja.

Basi nikaanza. Nikamweleza habari za mama yangu na shamba la mtoni, mambo ambayo hata marehemu mume wangu sikumwambia. Nilizungumza mpaka saa saba, chai ikapoa, na hakunikatiza hata mara moja.