Jiko Lililotangulia

Saa moja na robo asubuhi walisimama kwenye kituo cha mafuta mwisho wa mji. Mume akapima upepo wa matairi, hakuridhika, akapima tena. Mke akakaza mikanda ya mabegi ya pembeni. Mume alikuwa fundi wa friji. Mke alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amechora barabara za nchi nzima bila kupita hata robo yake. Kazini walimwita Bi Ramani, na jina likamfuata hadi nyumbani. Safari ilikuwa wazo lake: kuvuka nchi kwa pikipiki hadi pale barabara kuu ya magharibi inapokatikia, ukingoni mwa bonde. Siku tano kwenda, siku tano kurudi.

"Gesi umefunga?" mume aliuliza.

"Nimefunga. Na mama nimemfikisha kwa wifi, na dawa zake zote. Washa twende bwana, kusimama kumenichosha."

Siku hiyo walikwenda vizuri. Malori yaliwapigia honi, upepo uliwasukuma ubavuni, na kila walipovuka daraja Bi Ramani alimgonga mume begani kumwonyesha, kwa sababu alikuwa amelichora. Jioni walichukua chumba kwenye gesti iliyo jirani na mizani ya malori. Bi Ramani akafungua mlango wa bafu, akakuta jiko lake.

Lilikuwa jiko la nyumbani lenyewe, na kalenda ya mwaka juzi ukutani, bomba linalodondoka, na vyombo vya chai ya asubuhi kwenye karai, walivyoviacha kwa haraka. Alisimama kidogo, kofia ngumu ingali kichwani. Kisha akaivua, akakunja mikono ya koti, akaosha.

Mhudumu alileta taulo, akachungulia.

"La kwenu limewahi," alisema. "La wageni wa juzi liliingia watu wameshalala. Masufuria yalivyogongana, hakuna aliyepata usingizi tena."

"Na mimi nitaoga wapi?"

"Kuna bafu la uani. Tulilijenga kwa sababu hiyo."

Mume alikuwa amejinyoosha kitandani na buti zake. Alisikia maji yakimwagika. "Maadamu jiko limefika," alisema kwa upole kabisa, "si tungepata chai?"

Akaletewa. Akaisifu.

Siku ya pili Bi Ramani alitaka waende mbali zaidi. Walikula wamesimama, pikipiki inaunguruma, wakamaliza kilomita mia tano na ushee. Gesti ya siku hiyo ilikuwa na bafu lisilo na mlango, na aliliangalia vizuri kabla ya kulipia. Alipofungua kabati atundike koti, jiko lilikuwa humo, na safari hii lilikuja na ua wake na kamba ya nguo. Mashati ya mume yalikuwa yamekauka. Aliyaanua akayakunja, akakaa ukingoni mwa kitanda akitikisa goti mpaka mume akamwomba aache.

Siku ya tatu waliondoka kabla jua halijatoka, wakaacha lami, wakashika njia ya vumbi ambayo Bi Ramani aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyeichora, kwa vistari vilivyokatika. Jioni wakapiga hema uwandani, mahali ambapo hapakuonekana paa hata moja. Mume akavuta zipu: ndani mlikuwa na mikeka miwili na tochi. Akaifunga, akaenda kufuata blanketi. Bi Ramani akavuta zipu ile ile, akamkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda kando ya jiko, mikono mapajani.

"Mmechelewa," mama mkwe alisema. "Dawa ya saa kumi imenipita."

"Shikamoo mama. Si nilikuacha kwa wifi?"

"Marahaba. Nilikuwa huko. Lakini kule wanasoma karatasi ya dawa kwanza. Wewe husomi, unajua."

Mume aliisikia sauti. "Shikamoo mama!" aliita kutoka nje. "Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Sauti yako imechoka."

"Ni vumbi tu, mama," alisema, akainama kukaza cheni.

Siku ya nne Bi Ramani ndiye aliyeendesha tangu asubuhi, maana kiwiko cha mume kilikuwa kimevimba. Aliendesha kwa kasi, hakutaka kusimama hata walipofika kwenye maporomoko ya maji yaliyoandikwa vizuri kwenye ramani yake. Walipofika gestini alisimama mbele ya mlango wa chumba, akarudi nyuma hatua moja.

"Leo fungua wewe."

Mume akafungua. Palikuwa na kitanda, na pembeni stoo ndogo yenye ufagio na ndoo. Akafunga mlango wa stoo, akafungua tena: ufagio na ndoo.

"Unaona mwenyewe," alisema. "Si kwamba nakataa."

"Najua hukatai."

Bi Ramani akaufungua mlango wa stoo yeye, akaushika kwa mgongo wake usijifunge. Jiko lilikuwa pale, na mama mkwe, na harufu ya vitunguu. "Pita basi," alisema.

Mume alipita. Alisimama katikati, mikono imening'inia. Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo miaka kumi na tisa. Akauliza kiberiti kinakaa wapi. Akauliza mfuniko wa sufuria ni upi, sukari iko kwenye kopo gani, dawa ya mama ni vidonge vingapi. Alipouliza kama chumvi hutiwa kabla au baada, mama mkwe akaguna.

"Muache mwanangu apumzike," alisema. "Ameendesha siku nzima."

Hakuna aliyemsahihisha. Bi Ramani akachukua mwiko mkononi mwa mume, na mume akamshukuru kwa moyo wote.

Siku ya tano, saa tisa alasiri, lami ilikatika. Mbele palikuwa na vizuizi vya chuma, nyasi fupi, halafu bonde, refu na la buluu hadi jicho linapochoka. Pikipiki saba zilikuwa zimeegeshwa, na wanaume walikuwa wakilinganisha matairi. Nyuma yao, kwenye nyasi, majiko saba yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, kila moja na rangi ya ukuta wake. La nane, la mwisho, lilikuwa la Bi Ramani. Birika lilikuwa linaanza kuchemka.

Alikwenda ukingoni kwanza. Alisimama hapo hadi mama mkwe alipomwita mara ya pili.

Dirisha la jiko lake lilitazamana na la jirani. Mwanamke mwenye kilemba cha njano alikuwa anasugua sufuria.

"Wa leo?" alimuuliza.

"Wa leo. Nyie je?"

"Sisi tuna mwaka wa tisa barabarani. Mume wangu anapenda sana kutembea."

Bi Ramani akachovya mikono majini. "Nimeona kuna njia ya miguu inayoshuka bondeni. Kwenye ramani haipo."

"Ipo. Nimeishuka mara mbili."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na jiko?"

"Nililikuta chini, moto umeshawaka."

Bi Ramani aliitikia kwa kichwa. Akamwaga maji machafu dirishani, akaomba dodoki, akarushiwa.

"Njoo tupige picha!" mume aliita kutoka ukingoni, akipunga mkono, uso umejaa furaha. "Njoo, jua linatuacha!"

"Nakuja," alisema, akachukua sufuria iliyofuata.