Kidole Gumba cha Kupimia Upepo

Katika ukoo wetu mzima hakuna anayeijua tairi kama mimi. Geji, kile kipimo cha upepo, ni ya watu wenye mashaka. Mimi nikiibonyeza tairi kwa kidole gumba nakwambia upepo uliomo, na ukinibembeleza nakwambia mwenye pikipiki ameamkia upande gani.

Ndiyo maana dada yangu alinipa kazi ya kujaza upepo pikipiki yake kila Jumamosi. Ujira wangu ni kiti cha nyuma kwenye safari ya milimani, atakayokwenda na wenzake wa klabu ya pikipiki. Milima nimeiona kwenye kalenda tu. Kwa hiyo asubuhi ile dukani nilitaka jambo moja: anunue tairi ya nyuma, twende. Lakini dada yangu akianza kuchagua kitu, muuzaji anaota mvi.

"Hii ya meno makubwa," nikasema. "Ukipiga nayo picha, hata mlima utakuheshimu."

"Njia yote ni lami. Hiyo ni ya matope. Itanguruma kama mashine ya kusaga, na meno yataisha kabla hatujafika."

"Basi hii laini."

"Laini inashika vizuri ila inalika upesi. Nina mizigo, na nina wewe."

"Mimi nina uzito gani?"

"Wa maneno."

Muuza tairi akacheka juu ya ngazi, ambayo alishaipanda na kuishuka mpaka akaamua abaki huko huko. Nilimwonea huruma. Nilijionea zaidi.

Hatimaye dada akashika moja: ngumu kidogo katikati, laini pembeni, mifereji ya kutosha kutoa maji, na imeandikwa uzito unaotosha watu wawili na mabegi. Nikashusha pumzi. Akairudisha chini.

"Subiri. Kwanza nijue ile ya zamani imekufa kwa ugonjwa gani."

Jamani. Tairi imeisha, sasa anataka ipelekwe hospitali. Lakini alishaivingirisha ndani ile kuukuu, anaipapasa kwa kiganja. Pembeni zote mbili, kipara kitupu. Katikati meno bado yamesimama.

"Hata iliyotangulia ilikuwa hivi hivi," akasema. "Na niliinunua duka jingine."

"Feki za siku hizi, dada, zimejaa kila mahali."

"Tairi yenye upepo mdogo inalalia pembeni. Ndiko inakolika."

"Unaniambia mimi?" Nikainua kidole gumba. "Kila Jumamosi natoa pampu stoo, nakanyaga mpaka miguu inatetemeka, nabonyeza, narudisha pampu stoo. Labda ni barabara. Labda ni wewe umenenepa."

Muuza tairi akaacha kucheka.

"Ile pampu nyekundu?" dada akauliza.

"Ile ile. Hata leo nimeitumia."

"Nauliza kwa sababu njiani wewe ndiye utakayeangalia upepo kila asubuhi. Kwenye kona za mlimani sitaki tairi inayoyumba."

"Niachie mimi."

Akanikazia macho, akaguna, kisha akamwambia muuzaji aifunge ile aliyokuwa ameichagua. Nikaanza kuiona milima, na mawingu yake.

Hapo ndipo kocha wa timu ya mtaani kwetu alipoegesha baiskeli mlangoni, wavu wa mipira begani. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena, kwa macho yote mawili. Kocha ni mtu mwema sana, hana habari na makonyezo.

"Afadhali nimewakuta," akasema, akichomoa kitu chekundu kwenye kikapu. "Dada, nisamehe. Mdogo wako alituazimisha hii pampu ligi ilipoanza, nasi tukajisahau nayo mpaka ligi imekwisha. Bila yeye tungecheza na mipira bapa."

Dada akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa adabu zote. Akaitazama pampu, akaitazama tairi, akamalizia na kidole gumba changu, ambacho nilikuwa nimesahau kukishusha.

Kisha akamgeukia muuza tairi.

"Una mikanda ya kufungia begi kwenye kiti cha nyuma?"