Si Mapunye

Saluni ya Mama Kipusa ni sebule yake. Makochi yalitolewa, kioo kikaingia, na tangu hapo watu wa nyumba ile wakitaka kwenda jikoni wanaruka miguu ya wateja. Sisi tunaokwenda pale hatufuati nywele tu. Kichwa cha kumalizika asubuhi tunakaa nacho mpaka alasiri, maana anayetangulia kuondoka ndiye anayesemwa.

Mwenye mikono myepesi kuliko wote mle ndani alikuwa binti wa kaka yake Mama Kipusa, tuliyempa jina la Chapchap. Alikuwa na miaka kumi na minane, shule amemaliza, kaja kwa shangazi yake kujifunza ususi. Alilala kitanda kimoja na Kipusa mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, na wakianza kucheka usiku mama mtu alikuwa anagonga ukuta.

Basi siku moja tukaingia tukamkuta Chapchap uani anafua mataulo, na wateja ndani wamejaa. Tukauliza, tukaambiwa anapumzisha vidole. Kesho yake tena uani. Hakugusa kichwa cha mtu wiki nzima. Kisha tukaona taulo moja limeanikwa peke yake upande wa pili wa kamba, limeshonwa uzi mwekundu pembeni, na beseni lake lina uzi huohuo kwenye mshikio. Mama Kipusa aliweka alama ile ili watu wa nyumbani wasikosee, ikawa ndiyo imetutangazia sisi wa nje.

Aliyelichimba jambo mpaka chini ni Mama Redio, muuza vitambaa wa jirani, ambaye jina lake linajieleza. Alimbana Kipusa, mtoto akasema anavyojua. Dada yake alikwenda zahanati kwa sababu ya vinyama vilivyomwota sehemu za siri. Akaambiwa ni kirusi, akapewa dawa ya kupaka na siku ya kurudi. Akashauriwa amwambie mtu mzima anayemwamini. Akamwambia shangazi.

Sasa Mama Kipusa si mtu mbaya. Ni mtu wa saluni. Ugonjwa wa kuambukiza anaoujua vizuri ni mapunye, yale mabaka ya kichwani, na dawa yake anaijua kwa moyo: tenga taulo, tenga kitana, chemsha kila kitu, mwenye nayo asiguse mtu mpaka apone. Alifanya hivyohivyo. Kipusa akahamishiwa kwenye mkeka chumbani kwa mama yake. Na alipoona vinyama haviondoki upesi kama mapunye, akampigia kaka yake simu, aje Jumamosi amchukue binti yake, sababu atamweleza akifika.

Kaka mtu ni fundi friji, mpole lakini mkali kwa wanawe wa kike. Chapchap alijua kabisa akirudishwa kwa baba yake kwa sababu ile, ususi umeisha, na heshima ndani ya nyumba ile hataipata tena. Jumamosi asubuhi mkoba wake ulikuwa umefungwa, uko nyuma ya mlango wa jikoni.

Jumamosi hiyo hiyo nesi wa zahanati akaja kusukwa. Si yule aliyemtibu Chapchap, na kama alijua lolote uso wake haukusema. Alikuwa nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama kimepigwa na umeme, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda.

"Kuna jirani yangu," Mama Kipusa akaanza, akiuvuta ule msuko kuliko ilivyohitajika, "ana binti ana hiki kirusi cha vinyama. Na ana mtoto mwingine wa kike, mdogo. Anauliza, akichemsha mataulo inatosha?"

Sote tukaangalia dari.

"Mwambie huyo jirani asimalize mkaa wake bure," nesi akasema. "Hicho si cha taulo, wala cha kitana, wala cha kulala kitanda kimoja na mdogo wako. Hayo si mapunye."

Akaeleza polepole, shingo imeinama. Kirusi kile hupita ngozi kwa ngozi, watu wanapokutana kimwili, na kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki kila mahali. Kiko cha aina nyingi. Aina zinazoleta vinyama sizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, ingawa ni ukoo mmoja. Mara nyingi mwili unakishinda wenyewe, mtu asijue hata kama alikuwa nacho. Kinachokaa mwilini miaka ndicho cha kuogopa, ndiyo maana wanawake wanaitwa kupimwa.

Mama Redio akasema basi huyo binti wa jirani lazima alizungukia mtaa mzima.

"Mmoja anatosha," nesi akamjibu. "Yule wa kwanza tu anatosha. Na humu ndani, sisi wenye waume na tuliowahi kuwa nao, wengi wetu kimeshatupitia."

Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya ya kukaushia nywele akainua ile kofia yake akaomba hilo la mwisho lirudiwe. Likarudiwa. Akaishusha kofia taratibu, akawa anatazama vidole vyake. Mama Redio, ambaye kaolewa mara tatu na hafichi, alikaa kimya mpaka tukamwonea huruma. Kisha akauliza kwa sauti ambayo si yake, kupimwa kwenyewe kunauma?

Nesi akamwambia hakuna anayefurahia kupimwa, lakini kunakwisha upesi. Aje zahanati siku yoyote ya kazi.

Chapchap alikuwa amesimama mlango wa uani na ndoo mkononi. Hakuna aliyemtazama, na hiyo ilikuwa ni adabu kubwa kwa watu kama sisi.

"Na huyo mdogo?" Mama Kipusa akauliza. "Afanyweje?"

"Si Jumatatu wanachanja wasichana shuleni, kuwakinga na kirusi hikihiki? Apelekwe."

Hapo ndipo penye kidonda. Mama Kipusa aliacha kusuka. Akasema mtoto wa miaka kumi na mitatu ukimchanja kitu cha namna hiyo umeshamwambia njia nyeupe, apite. Na watu watasema nini, kwamba ameshaanza?

"Inafanya kazi vizuri zaidi kwa asiyeanza," nesi akasema. "Ndiyo maana wanachagua wadogo. Ukingoja mpaka uone dalili kwamba mwanao amekua, umechelewa."

"Sasa mimi nimeshamkatalia mwalimu," Mama Kipusa akasema.

Yule jirani wa kusingiziwa akawa ameyeyuka hapo hapo. Hakuna aliyecheka. Mama Kipusa mwenyewe alibaki ameshika kitana hewani, kisha akamwita Kipusa, akamtuma mbio kwa mwalimu, nyumba ya pembeni, akaseme mama yake amebadili neno na Jumatatu atakuja naye mwenyewe.

Kipusa hakuwa amerudi fundi friji alipobisha hodi. Aliingia na vumbi la safari, akaruka miguu yetu, akasimama katikati. Akamsalimia dada yake, akatusalimia sisi, akauona mkoba nyuma ya mlango.

"Haya, mmeniita. Kafanya nini huyu?"

Mama Kipusa akasema hajafanya kitu, anabaki, mikono yake inahitajika hapa. Kaka mtu akauliza kama ni hivyo basi simu ile ilikuwa ya nini. Tukamtazama Mama Redio mdomoni. Ulifunguka. Ukasema, karibu shemeji, kaa upumzike. Sijawahi kuona mtu akitoka jasho kwa sentensi fupi namna ile.

Chapchap akaweka ndoo chini.

"Baba, nilikuwa naumwa, na bado natibiwa. Shangazi aliogopa. Twende barazani nikueleze mwenyewe."

Shangazi mtu akataka kuingia kati, binti akamtikisia kichwa. Wakatoka wawili. Dirisha la baraza lilikuwa wazi, na sauti ya binti ikaanza kutufikia, ya chini, haitetemeki. Sote tukaegemea upande ule bila kuambizana. Mama Redio alishainuka nusu.

Mama Kipusa akaenda kwenye draya ya pembeni, kiti chake hakina mtu, akaiwasha mpaka mwisho. Ikanguruma nyumba nzima. Mama Redio akamtazama kwa uchungu wa kweli.

"Kaa, mwenzangu," Mama Kipusa akamwambia kwa kupaza sauti, na akarudi kwenye kichwa cha nesi.