Nusu ya Mjumbe

Paka wa mama mkwe wangu aliitwa Mjumbe, kwa sababu hakuna nyumba mtaani ambayo hakujua imepika nini. Mama mkwe huu ni mwaka wa nne hainuki kitandani, nyonga zimemwisha. Mwanawe, aliyekuwa mume wangu, tulimzika mwaka ule ule mama alioanza kulala kitandani. Tangu hapo nyumbani tumebaki watatu: yeye, mimi na huyo paka. Na nisidanganye, mimi hunijibu tu, lakini mazungumzo yake yalikuwa na paka.

Jumatatu Mjumbe aliruka kutoka ukutani akatua vibaya, akaanza kuchechemea. Jumanne mchana nikamkuta chini ya meza ya jikoni, uso umevimba kama kaumwa na nyuki, anahema mdomo wazi. Nilimtia kwenye kapu la nguo nikalifunika kwa shuka.

"Usirudi bila yeye," mama mkwe alisema kutoka kitandani. "Unanisikia, mwanangu? Mimi sina mwingine."

Kwa daktari wa mifugo kuna benchi moja na meza ya bati. Mbele yangu alikuwa fundi viatu na mbwa wake aliyekwamwa na mfupa. Daktari, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni, alikuwa ameshautoa na sasa anamgombeza mwenye mbwa.

"Mfupa wa kuku ukishapikwa unavunjika kama kioo. Nimekwambia mara ngapi?"

"Sikumpa, daktari. Aliiba."

"Na gundi mwezi uliopita?"

"Aliiba pia. Huyu ni mwizi wa kuzaliwa."

"Basi funga vitu vyako. Mnyama hajui kinachoua. Akili ya kujua hiyo ni yako wewe."

"Akili yenyewe tunagawana, daktari. Mwenzangu ndiye anayechukua fungu kubwa."

Hata mimi nilicheka. Kisha daktari akafunua shuka langu, akaacha kucheka.

Alimweka Mjumbe mezani, akamfunua mdomo kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa na rangi ya chai iliyolala.

"Mmempa dawa gani?"

"Hajapewa dawa."

"Ya maumivu, mama. Ya watu. Hata kipande."

"Mungu ni shahidi yangu, daktari. Hatujampa kitu ila maji."

Nilimtaja Mungu kwa moyo mweupe kabisa. Mimi ndiye ninayeshika dawa za nyumba ile, na punje ya chumvi ikihama naiona.

Daktari hakubishana. Alisikiliza kifua cha paka muda mrefu, halafu akaniuliza ninaishi na nani. Nikamwambia. Akauliza mama mkwe anameza nini. Nikamtajia vile vidonge vyeupe vya nyonga, ambavyo kila duka vinauzwa, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

"Anavimeza mbele yako?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumatatu jioni mama mkwe alikuwa ameniambia, "Nikatie kidonge vipande viwili, mwanangu, koo limekuwa jembamba." Nikakata kwa kisu cha mkate. Nusu moja aliimeza nikiona. Ya pili akasema ataimeza chai ikipoa. Jumanne asubuhi vilevile. Na Mjumbe amelala ubavuni pake, mguu wake mbovu juu ya mto.

"Paka si mtu mdogo," daktari alisema taratibu. "Ini lake haliwezi dawa hii. Inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa. Nusu moja ingetosha kumuua, naye kapata mbili. Ipo dawa ya kuzuia, lakini hapa sina, na ingekuwepo ilipaswa kuwa jana."

"Nikiomba?"

"Omba, mama. Lakini sitakudanganya."

Niliomba, mkono wangu juu ya kichwa chake. Fundi viatu alivua kofia, akamshika mbwa wake kinywa asibweke. Daktari akauliza kama amchome sindano apumzike, nami nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana. Nikiwa bado sijajibu, Mjumbe akajinyoosha, akakata roho.

Nilirudi na kapu. Mama mkwe alikuwa ameegemea mto, macho mlangoni.

"Mbona halii?"

"Hayupo, mama."

Alilishika shuka mkononi, akaliachia.

"Alikuwa na maumivu," akasema. "Mimi nayajua maumivu. Nilimpa nusu yangu ndani ya samaki, akala yote. Niambie, ile dawa ilimpa nafuu kidogo?"

Njia nzima nilikuwa nimejiuliza nitasema nini. Uongo ulikuwa tayari, mdogo, wa huruma. Lakini siku ile nilikuwa nimeshamtaja Mungu mara moja kwenye jambo lisilo kweli, bila kujua. Nikaona nikirudia huku najua, sitasali tena nikasikilizwa.

"Ndiyo iliyomuua, mama. Daktari kasema paka hawaiwezi."

Hakulia. Alijigeuza taratibu, ukuta ukawa mbele yake, na kila kipande cha kugeuka nilikisikia mifupani mwake.

Jioni nilimpelekea kidonge na maji. Akafunga mdomo kama mtoto.

"Kimeze, mama. Wewe kinakusaidia."

"Toa hicho kitu."

Ni wiki ya sita sasa. Nimekisaga kwenye uji akautema. Nimemwita muuguzi wa zahanati, akamfukuza kwa bakuli. Daktari wa mifugo mwenyewe alikuja, akaketi kitandani, akamweleza kwamba mwili wa mtu ni mwingine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akageukia ukuta.

Asubuhi nikipiga magoti namsikia anavyougulia. Siku hizi sala yangu imekuwa fupi.